Canon R6 Mark II au Sony A7 IV? Kwa vumbi la huku kwetu, uliza shata kwanza

Kiangazi kikishakolea, kuanzia Julai hivi, simu yangu inajaa picha zenye madoa. Bwana harusi kasimama vizuri, shela imeshika mwanga, halafu angani juu ya vichwa vyao kuna vidoti vya kijivu kama mtu kamwaga pilipili manga. Ujumbe unaokuja nazo ni ule ule: "Dada, kamera nimenunua mpya kabisa, hawa watu wa Dar wameniuzia mbovu?" Wa Kigoma nao wamezidi, hasa wanaopeleka maharusi ufukweni kupiga picha na ziwa nyuma. Anga kubwa, maji makubwa, doa halina pa kujificha.

Hujauziwa mbovu. Ni vumbi limekaa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Ila kuna kamera inayojikinga yenyewe na kuna kamera inayosubiri umwambie, na muuzaji hakukueleza hilo kwa sababu hajui au hajali.

Megapikseli sizungumzii. Sony ina 33, Canon ina 24.2, na mteja wako wa Ipuli, hapa Tabora, anataka albamu na picha moja ya kutundika sebuleni. Zote zinatosha na kubaki. Fokasi pia naruka, kwa sababu zote mbili zinashika jicho la bibi harusi na kulifuata mpaka anakaa. Ukitaka kubishania hayo, vijana wa YouTube wapo.

Turudi kwenye vumbi. Zile kamera zetu za zamani zenye kioo, kina Canon 5D na Nikon D750, ukitoa lenzi unakutana na kioo, na nyuma ya kioo kuna shata, lile pazia la mbele ya sensa, imefungwa. Sensa ilikuwa imelala ndani huko, haioni mtu. Hizi mpya zisizo na kioo zinahitaji sensa iwe wazi muda wote ili ikuonyeshe picha kwenye skrini, na imesogezwa mbele kabisa: kutoka pale lenzi inapokaa hadi kwenye sensa ni milimita 20 kwa Canon na 18 kwa Sony. Ukitoa lenzi, ile sensa inakutazama usoni. Sasa fikiria uko nyuma ya pikapu ya matarumbeta, bodaboda zimetangulia zinapiga honi, barabara ya mtaani haina lami, na wewe unabadilisha lenzi huku unatembea.

Canon R6 Mark II, iliyotoka mwishoni mwa 2022, ukiizima shata inashuka na kuifunika sensa. Hakuna cha kutafuta kwenye menyu. Unazima, unasikia "klak", unatoa lenzi, ndani unaona pazia jeusi badala ya sensa. Hiyo tu, kwangu mimi, imeshaipa nafasi ya kwanza, na wanaosema napenda Canon kupita kiasi wako sahihi. Naipenda.

Sony A7 IV ya 2021 nayo inaweza kufunga shata ikizimwa. Wenye Sony msinitukane, najua. Tatizo ni kwamba inakuja kutoka kiwandani kipengele hicho kikiwa kimezimwa. Lazima uingie kwenye menyu ya mipangilio, utafute sehemu ya kuzuia vumbi, uwashe mwenyewe. Nimeshika A7 IV za watu hapa Tabora, watu wanaokula kwa kazi hii, na hakuna aliyekuwa amekiwasha. Mmoja alibisha kabisa kwamba kamera yake haina kitu kama hicho, mpaka nikamfungulia menyu pale pale kwenye benchi la studio yake. Sensa yake niliimulika kwa tochi ya simu: kulikuwa na uzi wa kitambaa uliojikunja pembeni, na chembe za mchanga zinang'aa. Alikuwa anazifuta madoa kwenye kompyuta picha moja moja, harusi nzima, akidhani ndiyo kazi ilivyo.

Na hapa kuna balaa lingine la Sony za mtumba. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani huja na menyu ya Kijapani peke yake. Muuzaji anakwambia "lugha utabadilisha mwenyewe, bosi", unafika nyumbani hakuna lugha ya kubadilisha. Hapo hiyo sehemu ya kuzuia vumbi utaitafutaje? Unabaki unakisia alama.

Tahadhari kwa wote, wa Canon na wa Sony. Shata inajifunga kamera ikiwa imezimwa, siyo ikiwa inawaka. Ukitoa lenzi kamera iko hewani, sensa iko wazi vilevile, na ile ya bei mbaya imekuwa sawa na ya bei poa. Halafu lile pazia ni jembamba mno. Usiliguse kwa kidole, usilipulizie kwa karibu, wala usiiache kamera juani bila kifuniko cha lenzi, maana jua likipita kwenye lenzi linaweza kulichoma. Kubadilisha shata siyo gharama ya kuzungumza ukiwa hujala.

Tukitoka kwenye vumbi, Canon inanibamba pia kwenye video. Kumbi zetu siyo kubwa. Ukipiga 4K ya fremu 60 ili upate mwendo wa pole wakati maharusi wanaingia, A7 IV inakata picha kwa 1.5, yaani lenzi yako ya 24 inaona kama 36. Unarudi nyuma, unarudi nyuma, mgongo unagonga spika ya MC. R6 Mark II inachukua upana wote wa sensa. Kwa mtu wa harusi huo ni ugomvi uliokwisha.

Sony inashinda wapi? Lenzi, na inashinda kwa mbali. Sony imewaachia kina Tamron na Sigma watengeneze lenzi za mlango wake, yaani zinazofunga moja kwa moja kwenye kamera zake, kwa hiyo unapata Tamron 28-75 f/2.8 kwa bei ambayo Canon wa RF, mlango wa lenzi wa hizi kamera zake mpya, hata salamu hakuitikii. Canon alibana mlango wa RF kwa miaka, na kwa lenzi za fokasi ya otomatiki za fremu nzima kutoka kwa wengine ameendelea kuwa mgumu. RF 24-70 f/2.8 yake ilitoka 2019 ikiwa na bei ya zaidi ya dola 2,000, karibu sawa na bodi, yaani kamera bila lenzi. Hapo siwezi kumtetea. Betri ya Sony nayo inakaa kuliko ya Canon ukipiga ukiwa umeweka jicho kwenye kidirisha, na umeme wetu mnaujua.

Lakini angalia kabati la studio yoyote ya zamani hapa mjini, au kule Ujiji: utakuta 24-105, utakuta 50mm f/1.8, ukibahatika na 70-200, zote EF, mlango wa Canon wa enzi za kioo. Adapta ya Canon ya kutoka EF kwenda RF inazifanyia kazi hizo lenzi kama zilizaliwa pale, fokasi na kila kitu. Mtu mwenye lenzi hizo akihamia Sony anaanza moja. Kwa hiyo kama una EF ndani, nunua Canon, tusipotezeane muda. Kama huna lenzi hata moja na bajeti imebana, hapo nakuruhusu Sony, kwa sharti kwamba kile kipengele unakiwasha kabla hujapiga picha ya kwanza.

Za bei ya chini nitazitaja kwa sababu mtaniuliza. Canon EOS R ya 2018 inafunga shata ikizimwa, ila ina nafasi moja ya kadi. Harusi ya mtu usiiweke kwenye kadi moja. Canon RP ya 2019 haifungi shata na ina kadi moja pia, hiyo hapana. Sony A7 III ya 2018 ina kadi mbili na bado ni kamera nzuri, lakini haifungi shata hata uibembeleze. Ukiichukua, ifunge lenzi moja ya zumu na uisahau hapo hapo mpaka mvua za Novemba.

Sasa wauzaji. Jamani, "bei njoo inbox" itaisha lini? Bodi hizi zote mbili zilitangazwa kwa takriban dola 2,500, jambo linalojulikana dunia nzima, lakini mtu wa Tabora lazima aombe bei kama anaomba mchumba. Ukiingia inbox anakuuliza kwanza uko mkoa gani. Ukisema Kigoma, bei inapanda ngazi, eti usafiri, wakati mzigo kwa basi analipa mteja. Ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa kuna bei ya risiti na bei bila risiti. Halafu waranti ni ya mdomo. Kuna duka moja mjini Dar nilisimama kaunta nikamwona kijana akitoa lenzi kwenye Sony ya laki nyingi, feni inazunguka juu yake, akaona vumbi kwenye sensa, akalipuliza kwa mdomo. Kwa mdomo! Mate yakikauka kwenye sensa hayo hayatoki kwa kupuliza tena, yanataka kijiti na dawa yake. Na kamera ile iliuzwa kama mpya, nina hakika.

Kwa hiyo mzigo ukifika stendi, kabla hujamalizia hela iliyobaki, fanya hivi. Weka lenzi, peleka aperture, yaani tundu la lenzi, hadi f/22, elekeza ukuta mweupe au anga, vuruga fokasi makusudi, piga. Kuza picha, pita kona hadi kona. Vidoti vyeusi vyenye ukingo ni vumbi. Doa lenye mduara laini kama la mafuta ni baya zaidi. Moja au mbili pembeni vumilia, kipulizio cha mpira kitatoa. Sprei za kopo za kusafishia kompyuta usizisogeze karibu. Ukikuta zaidi ya hapo, tuma ile picha kwa muuzaji ukiwa bado umesimama stendi, na hela iliyobaki ikae kwako mpaka ajibu.