Posta ya Shangani: mizigo imehamia Kijangwani, kaunta bado ipo

Wengi wanaoteremka Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wana haraka ya kufika makumbusho ya Freddie Mercury, na Posta ya Shangani wanaipita kama duka lililofungwa. Jengo hili lilichorwa na John Sinclair, yule yule aliyetuchorea Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani, mtu aliyependa matao ya Kiarabu hata kwenye ofisi za serikali ya Kiingereza. Simama ng'ambo ya barabara kwanza uitazame yote, kwa sababu ukishaingia ndani hutaona ila kaunta na migongo ya watu.

Ofisi kuu siku hizi iko Kijangwani, nje ya Mji Mkongwe. Shangani imebakiwa na kazi ndogo ndogo: stempu, barua, kadi. Anayengojea barua iliyoandikwa jina lake na maneno "Poste Restante" (yaani ikae posta mpaka mwenyewe aifuate) aulize Shangani, akikosa asikate tamaa, aende na Kijangwani. Mara nyingine barua hupelekwa kule kwa makosa. Achukue kitambulisho, na aombe waangalie kwa jina la kwanza na la mwisho, maana Salim Juma huweza kupangwa kwenye S au kwenye J.

Kadi za picha ndizo zinazowaharibikia watu. Karatasi inayong'aa hainywi wino, kwa hiyo muhuri ukigongwa tu na kadi ikapangwa juu ya nyingine, tarehe inapakazika. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka stempu, andika kwa kalamu ya wino unaokauka haraka, omba muhuri ugongwe mbele yako, kisha ishike kadi kwa ncha mpaka ikauke. Gundi nayo ina tabia yake: wakati wa masika stempu hujikunja na kugandana zenyewe mfukoni. Zitie baina ya karatasi za nta. Zikishaganda usizivute; zitie kwenye friza dakika chache, nyingi huachana bila kuchanika.

Lakini utamu wa posta yetu umo ndani ya stempu zenyewe. Kuanzia 1875 posta ya hapa ilikuwa tawi la posta ya India, na barua ya Unguja ilitoka na stempu ya India. Mwaka 1895 ilipoacha kuwa ya India, stempu zile zile zilipigwa chapa neno "Zanzibar" juu yake, kazi iliyofanywa papa hapa mjini kwenye mtambo wa gazeti la serikali. Herufi zikapangwa kwa haraka, na vipande vingine vikatoka "Zanzidar". Kosa la mpangaji herufi sasa linauzwa ghali kuliko stempu iliyo sahihi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yakajirudia: stempu zenye sura ya Sultani ziligongwa kwa mkono "JAMHURI 1964", nyingine zimekaa upande, nyingine wino umefifia. Stempu za Zanzibar peke yake zikakoma 1968.

Hapo ndipo wanunuzi wanapotapeliwa. Muhuri wa mkono ni rahisi kuuiga, na stempu tupu za zamani bado zipo nyingi. Ukiletewa "JAMHURI" barabarani, tafuta ile iliyobandikwa kwenye bahasha na yenye muhuri wa posta wa tarehe inayoingiana. Chukua lenzi uangalie mahali mihuri miwili inapokutana: kama wino wa JAMHURI umelala juu ya wino wa tarehe, mtu ameugonga baadaye. Rudisha.

Kwa anayejali majengo zaidi ya barua, tembea hadi Kelele, kwenye hoteli ya Serena. Sehemu yake moja ni lile jengo la Extelecoms, nyumba ya simu za waya, yaani telegrafu. Waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja 1879 na kuendelea kusini mpaka Durban. Habari iliyokuwa ikingoja meli kwa wiki kadhaa ikawa inafika siku hiyo hiyo. Jengo lilikarabatiwa kwa usimamizi wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan likawa hoteli. Kwa kuta, tunaipa alama za juu. Kwa kumbukumbu ya simu, mgeni anayekunywa chai barazani anaweza kuondoka bila kujua ameketi wapi.

Jengo lolote la Mji Mkongwe unalolipima, anzia chini, mita moja ya kwanza kutoka ardhini. Kuta za mawe ya matumbawe hunywa maji na chumvi, na chokaa huyaachia yatoke. Fundi akipiga lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu, chumvi inavimba ndani, na baada ya masika chache lipu inabanduka kwa mapande. Kipimo kizuri ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa baharini usitiwe, na ukuta unyunyizwe maji kwa siku kadhaa usikauke haraka ukapasuka. Halafu inua macho kwenye milizamu, ile mifereji ya kutolea maji ya mvua. Ikiziba, maji hupenya pale ncha ya boriti ilipoingia ukutani, na boriti huanza kuoza hapo hapo ambapo haionekani, wakati katikati ya dari bado ni ngumu kama chuma.

Alama zetu kwa Shangani: jengo saba kwa kumi, huduma ya barua nane. Nenda asubuhi, chukua fedha ndogo ndogo, na Ijumaa usifike karibu na adhana.