TAHADHARI: Muuzaji wa "fedha za bibi" asiyetaka kutaja gramu

Wenzangu mnaotafuta mikufu, kekee na mafurungu ya fedha kwa ajili ya harusi, kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Unguja na Dar. Kaeni naye mbali. Jina la ukurasa siliweki kwa sababu halidumu: akishtukiwa anafuta, kisha anarudi na jina jingine na picha zilezile. Mtamjua kwa maneno yake. Kila kitu ni "urithi wa bibi", na bibi mwenyewe mara wa Nizwa, mara wa Lamu, mara wa Mji Mkongwe, ilhali mkufu ni uleule mmoja. Shanga iliyo kushoto kwa riale (sarafu ya fedha) ya katikati ina mchubuko mweupe. Tazameni picha za mabibi wote watatu, mchubuko upo.

Mkufu huo una riale tatu, shanga za rangi ya asali anazoziita kaharabu (utomvu wa miti wa kale sana uliogeuka kama jiwe), na mnyororo mweusi. Anataka laki tisa na nusu. Jirani yangu alikuwa karibu kumtumia nusu kwa simu, amnunulie mwanawe anayeolewa, akaona bora anionyeshe kwanza kwa kuwa nanunua na kuuza vito vilivyotumika. Nikamwandikia muuzaji swali moja: gramu ngapi? Akajibu kwamba vitu vya kale havipimwi kwa kilo kama nyanya.

Jibu hilo lilinitosha. Fedha hupimwa, iwe ya jana au ya enzi za Seyyid Said. Ingia kwa sonara yeyote, kabla ya salamu kuisha mkono umeshafika kwenye mizani. Bei ya haki ya fedha iliyotumika huanzia hapo: uzito, mara kiwango cha fedha safi, mara bei ya gramu ya siku hiyo. Muhuri wa 925 maana yake katika sehemu 1,000 fedha safi ni 925. Wa 800, ni 800. Tuseme gramu ya fedha safi leo ni shilingi 3,000. Kekee ya gramu 80 yenye 925 ina fedha safi gramu 74, yaani 222,000. Juu ya hapo ndipo mnazungumza ufundi, hali ya kitu, na umri kama una ushahidi. Kazi nzuri ya mkono naweza kuilipia mara mbili ya fedha iliyomo na nisinung'unike. Ila niwe najua ninachozidisha.

Sasa riale, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Zimeandikwa 1780, naye anaapa kwamba zina karibu miaka mia mbili na hamsini. Mwaka huo ni wa kweli, umri sio. Malkia Maria Theresa wa Austria alikufa 1780, na sarafu yenye sura yake ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea na hawakutaka nyingine. Imepigwa Vienna, imepigwa Roma, London, Paris na Bombay, na Vienna wanaipiga mpaka leo. Kwa hiyo riale ya 1780 inaweza kuwa ya wakati wa babu wa babu yako au ya juzi. Ya kweli ina uzito wa gramu 28 na kidogo, upana karibu milimita 40, na fedha yake ni 833 katika 1,000. Hiyo ni fedha safi gramu 23.4 hivi, kwa bei yetu ya mfano kama 70,000. Tatu ni 210,000. Laki saba na arobaini zilizobaki ni za nini? Hadithi.

Na hapo tumechukulia kwamba riale ni za kweli. Tulipombana akubali kukutana, alikuja lakini akagoma kuingia nasi kwa sonara. Nilizishika palepale barazani. Riale ya kweli ina maandishi ya Kilatini ukingoni, JUSTITIA ET CLEMENTIA. Zake ukingo ni laini kabisa. Muhuri wa 925 upo, lakini kwenye kifungio cha shingoni tu; mnyororo hauna alama yoyote. Kifungio cha fedha kwenye mnyororo wa shaba iliyochovywa ni mchezo wa zamani sana. Halafu ule weusi: fedha iliyovaliwa miaka mingi hung'aa inaposuguana na ngozi na nguo, weusi ukabaki kwenye mitaro ya nakshi. Mnyororo huu ni mweusi sawasawa kila mahali, na pete zake hazijalika hata kidogo. Ni dawa iliyopakwa.

Alikuwa na sumaku mfukoni, akaonyesha kwa mbwembwe kuwa hainasi. Shaba nayo hainaswi na sumaku, wala alumini.

Kama kitu hakina mawe wala uwazi ndani, jipimieni wenyewe nyumbani. Kipime kikavu kwenye mizani ndogo ya dijitali. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kitu chako kwa uzi kizame majini bila kugusa chini, usome namba ya pili. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili. Fedha ya 925 itakupa 10.3 hivi, shaba ya manjano kama 8.5.

Kuhusu kaharabu: kuelea kwenye maji ya chumvi nyingi hakutoshi, maana sandarusi (utomvu wa miti usio wa kale kama kaharabu) nayo huelea. Tone la asitoni (dawa ya kuondolea rangi ya kucha) mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenyewe, huifanya sandarusi inate, kaharabu hainati. Sandarusi nimeshaiuza mara nyingi na ni nzuri, lakini niliiuza kwa jina lake na bei yake. Hata mkufu mpya wa mtindo wa kizamani sina neno nao, mradi muuzaji aseme ni mpya.

Mliokwisha kumtumia pesa, pigeni simu huduma kwa wateja wa mtandao wenu mara moja mkiwa na namba ya muamala. Pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shida. Msifute ujumbe, na piga picha ya ukurasa wake kabla hajaufuta. Nendeni polisi na vyote hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Aliyeuona mkufu huu kwa jina jipya la ukurasa aweke picha hapa chini.