Shule ya Udaktari wa Mifugo SUA, Morogoro: Tathmini ya Mfugaji

Mtamba wangu alipovimba tezi chini ya masikio na kuacha kula, muuza dawa mmoja alinipa sindano ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, bila hata kumgusa mnyama. Siku mbili baadaye homa ilikuwa haijashuka na povu lilikuwa limeanza kumtoka puani, ndipo nilipokodi gari na kumpeleka katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mahali ambapo wanafunzi wa udaktari wa mifugo hujifunzia kazi. Tangu hapo nimerudi mara kadhaa, na mwaka huu kijana wangu anapojaza maombi ya chuo, nimeona niandike ninachokijua kuhusu shule hii kwa faida ya wafugaji na wazazi wengine.

Aliyetupokea alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano. Alinipa shikamoo, kisha akaniuliza mnyama aliogeshwa lini, nilimnunua wapi, na kama nimeona kupe masikioni. Alipomaliza kupima joto aliingiza sindano nyembamba ndani ya tezi iliyovimba, akavuta majimaji kidogo, akayapaka kwenye kioo na kuyatia rangi. Mhadhiri alikuwa amesimama nyuma yake na hakumnyang'anya kazi. Mwanafunzi alipotaka kutaja ugonjwa kabla ya kuinama kwenye hadubini, mwalimu wake alimzuia kwa upole: "Usiniambie jina. Niambie kwanza unaona nini." Akaangalia kwa muda mrefu, akaeleza vijidudu alivyoviona ndani ya chembe nyeupe, na hapo tu ndipo aliponigeukia na kusema, "Ni ndigana kali, mama." Akanifafanulia kwamba kijidudu cha ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, kwamba OTC peke yake haiwezi kuutibu ugonjwa ukishafikia pale, na kwamba dawa yake ni buparvakwoni, ambayo hufaa zaidi mnyama akiwahishwa. Mtamba alipona.

Shule hii ina historia inayostahili kukumbukwa. Chuo cha kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1965, na mwaka 1970 kikafanywa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yaliongezwa mwaka 1976; kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka taaluma hiyo kwa kiwango cha shahada alilazimika kwenda nje ya nchi, kwa mfano Kabete, Nairobi, au kuvuka bahari. Tarehe 1 Julai 1984 kitivo kiligeuka kuwa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humu humu Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo huo. Sokoine alikuwa Mmasai wa Monduli, mtoto wa jamii ya wafugaji, na kila ninapopita getini huona kwamba jina hilo limekaa mahali pake.

Shahada ya udaktari wa mifugo huchukua miaka 5, na mwombaji anapaswa kuwa na ufaulu mzuri wa kemia na baiolojia katika kidato cha sita. Miaka ya mwanzo ni ya maumbile ya mwili na namna unavyofanya kazi, ikifuatiwa na vijidudu, minyoo na dawa, na mwishoni mwanafunzi huingia hospitalini na vijijini. Mzazi asiyejua hudhani miaka hiyo ni mingi mno kwa kazi ya ng'ombe, lakini daktari huyo atatakiwa kumpasua mbwa leo, kukagua nyama machinjioni kesho na kuchunguza vifo vya kuku keshokutwa, na wala hawezi kufanya kazi hiyo kihalali bila kusajiliwa na Baraza la Veterinari. Shule hii, ambayo chuoni huitwa ndaki, inatoa pia shahada ya bioteknolojia na sayansi za maabara, stashahada, na masomo ya uzamili.

Eneo ninaloliona kuwa na uzito wa pekee ni utafiti wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu. Hapa SUA ndipo yalipo makao ya SACIDS, ushirikiano ulioanzishwa mwaka 2008 na unaowakutanisha madaktari wa watu na wa wanyama kutoka Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Msumbiji, Zambia na Afrika Kusini. Watafiti wa hapa wamefuatilia kwa miaka mingi tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye mayai yake yakimezwa na mtu, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Katika vijiji ambako kifafa bado hudhaniwa kuwa kurogwa, elimu hiyo ni tiba tosha.

Kasoro ninayoiona si ya shule hii pekee. Masomo ni kwa Kiingereza, kama ilivyo katika vyuo vikuu vyetu, ilhali mfugaji atakayehudumiwa anazungumza juu ya ndigana, chambavu na kimeta. Yule mwanafunzi aliyenihudumia aliyajua maneno hayo kwa sababu alikulia bomani, alivyoniambia mwenyewe. Wenzake waliokulia mjini wangesaidiwa sana kama wangefundishwa darasani majina hayo pamoja na dalili ambazo mfugaji huzitaja. Jambo la pili ni umbali: nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kuitegemea hospitali moja chini ya milima ya Uluguru, na mimi nilibahatika kwa kuwa banda langu liko karibu.

Mzazi anayemfikiria mtoto wake kwa fani hii ningemshauri amlete Morogoro kabla ya kujaza fomu, wafike hospitalini mapema asubuhi wakati wanyama wanapopokelewa, waombe ruhusa ya kutazama, na mtoto aangaliwe kama anasogea karibu na ng'ombe au anarudi nyuma. Wangu alisogea, akamshika mtamba kamba wakati sindano ya pili ikichomwa.