Rivolva ndogo au bastola ya magazini?

Kwa mfanyabiashara wa Arusha mwenye kibali cha silaha, mabishano ni yale yale. Rivolva fupi (bastola ya silinda inayozunguka na kushika risasi) kama Smith & Wesson 642 hubeba risasi 5 za kipimo cha .38, Glock 43 hubeba 6 za milimita 9 kwenye magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), na moja kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu. Unene haulingani: silinda hutuna chini ya shati, Glock hulala bapa.

Risasi ikigoma, kwenye rivolva unavuta triga tena, basi. Kwenye Glock unapiga kitako cha magazini, kisha unavuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, hadi mwisho. Mkono ukilegea unapofyatua, ganda hukwama kwenye mlango wa kutolea maganda. Lakini rivolva nayo ina lake: punje za baruti zikiingia chini ya nyota inayosukuma maganda, silinda inakaza, na huo si ugonjwa wa kutibu barabarani. Sugua chini ya nyota hiyo kwa mswaki mkavu. Triga yake pia ni nzito. Asiyefanya mazoezi hupeleka risasi pembeni.

Kwenye ala, mfuko wa kubebea silaha kiunoni, ndipo watu hubana pesa, kimakosa. Ya ngozi haichomi kiunoni, ila joto la Moshi huijaza jasho na chuma hushika kutu; usilaze silaha humo. Ya plastiki ngumu hainywi jasho, ingawa hukwaruza rangi. Ngozi ikilegea mdomo, itupe: ukingo ukijikunja ndani unaweza kuvuta triga unaporudisha silaha.

Kwa vumbi la Mererani, Glock hufunguka haraka kusafishwa. Mwenye vidole dhaifu visivyovuta slaidi, rivolva humfaa zaidi, mradi triga aimudu.