Nimelipia ripoti ya jina la Sanga: nyota 2, tena zote ni za Marekani

Wadau wa Mbeya na Njombe, kabla hujatoa hela kwa hizi tovuti za kuangalia jina lako la ukoo wanalo watu wangapi duniani, soma kwanza yaliyonikuta. Tovuti yenyewe siitaji. Kuangalia juujuu ni bure, unaandika jina inakupa namba na ramani, ila ukitaka ripoti nzima ni dola 5, na mi nikalipa kwa kadi ya kwenye simu maana mi Sanga bwana, na Sanga akisikia kuna mahali wamehesabu akina Sanga hawezi kulala.

Kwa asiyejua, Sanga ni Wakinga wa Makete, ndo ukoo uliokuwa unatawala kule milimani, na watawala wa zamani unajua tena mambo ya wake wengi, ndo maana tumejaa hivi. Simama Mwanjelwa saa nne asubuhi uite "Sanga!" uone, atageuka wa mitumba, wa vitunguu na konda juu. Bunge lililoanza 2020, mkoa wa Njombe peke yake ulitoa Sanga wawili, Deo wa Makambako na Festo wa Makete. Kwahiyo nikajua ukurasa wa kwanza tu nitakutana na Makete.

Nikakutana na India! Wamechora ngao ya ukoo yenye simba wawili, afu ukurasa mzima wa Rana Sanga, mfalme wa Mewar aliyepigana na Babur mwaka 1527. Mzee wa watu simlaumu, ila na bibi yangu wa Bulongwa wanajuana wapi? Ndo nikagundua jinsi inavyofanya kazi, inaokota herufi tu, yeyote aliyeandikwa S-a-n-g-a kokote aliko anatupwa kapu moja na mimi.

Sasa nisiwe mchoyo, sehemu ya Marekani ni tamu na ndo nyota zote 2 nimezitoa hapo. Wenzetu idara yao ya sensa inatoa orodha ya majina ya ukoo kabisa, ya 2010 ina kila jina lililobebwa na watu 100 au zaidi, Smith wa kwanza na watu 2,442,977. Kilichonivutia ni Garcia, 1990 alikuwa wa 18, 2000 akawa wa 8, 2010 wa 6. Yaani unaona wahamiaji wa Amerika ya Kusini na Mexico wanavyopanda ngazi kwenye orodha ya majina tu, bila mtu kukueleza. Kuna na kipande cha Waingereza wawili, Galton na Watson, waliopiga hesabu 1874 jinsi jina linavyoweza kufa hata kama watu hawapungui, kwa sababu kila kizazi kuna baba anayepata mabinti watupu na jina linaishia pale. Hapo nilikaa kimya kidogo, maana kwetu tuko wasichana wanne na kaka mmoja.

Ila hesabu ya Galton kwetu haitoshi, na hapa ndo ripoti inapofeli. Huku jina halisubiri mtu akose watoto wa kiume ndo life, linafia kwenye kaunta ya kuandikishia. Kaka yangu ana watoto watano. Wawili wa kwanza ni Sanga kwenye cheti cha kuzaliwa, watatu waliofuata aliandika jina lao, lake na la babu, basi wanaishia Tito. Damu moja, meza moja, ila kwa mtandao ni koo mbili, na akina Tito wanaonekana wanaongezeka huku Sanga wanapungua. Na si Wakinga tu, Tulia Ackson ni Mwansasu wa Rungwe kabisa, ila nchi nzima inamjua kwa jina la baba yake, sa kwenye orodha ya namna hii Mwansasu kapungua mmoja na Ackson kaongezeka. Sensa yetu ya 2022 ilipata watu 61,741,120, hebu fikiria wangapi humo ukoo wao haumo kwenye jina la mwisho.

Nilipeleka ile PDF stationari ya pale karibu na stendi wanitolee kopi ya rangi nikamwonyeshe baba, kurasa 9 kila moja 500. Kijana anayeprinti akasimamisha mashine, akaangalia ile ngao, akaniangalia.

"Dada, kumbe Sanga? Mimi pia Sanga, wa Ikonda."

Nikamuuliza kitambulisho chako kinasomaje, akakitoa mfukoni, kimeandikwa Elia. Akacheka, akanipunguzia, nikalipa 4,000 badala ya 4,500. Kwahiyo faida pekee ya jina nimeipata kwa mtu ambaye ripoti haimjui.

Niliwaandikia wanirudishie hela, nikaeleza vizuri kabisa mambo ya Makete na Rana Sanga. Baada ya siku tatu jibu likaja, wanasema data zao ni sahihi, na limeanza na "Mpendwa Bwana Sanga". Mimi mama wa watoto watatu.