Suruali mbili za saizi moja: tathmini ya duka la nguo za watoto Kariakoo

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kuwanunulia nguo watoto wa kaka yangu, mapacha tunaowaita Kulwa, wa kike, na Doto, wa kiume, ambao wana umri wa mwaka mmoja na nusu na bado wanavaa saizi moja. Duka lenyewe ni safi, bei zimeandikwa wazi, na muuzaji ni mkarimu, ila kabla sijasema ninachotafuta aliniuliza, "Dada, wa kike au wa kiume?"

Nilipomjibu kwamba ni wote wawili, alinionyesha kuta mbili zinazotazamana, mmoja wa pinki na mwingine wa buluu. Nilichukua suruali ya jinzi kutoka kila upande, zote za mtengenezaji mmoja na bei moja, nikazilaza kaunta. Ya Doto ilikuwa na mifuko minne ya kweli, ilhali ya Kulwa ilikuwa na mshono wa mfuko uliopitishwa juu juu tu, ndani hamna kitu. Viatu navyo vilikuwa hivyo hivyo: vya mvulana vina soli nene ya mpira, vya msichana vina ua na soli nyembamba inayokunjika kama karatasi. Nilipouliza sababu, muuzaji alishangaa kwa dhati: "Mtoto wa kike wa mfuko wa nini?"

Wanaoshughulika na masuala haya nchini Tanzania hutenganisha jinsi, yaani maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo, na jinsia, yaani mambo ambayo jamii humpangia mtu kwa sababu ya maumbile hayo, na sijawahi kuona tofauti hiyo waziwazi kama nilivyoiona pale kaunta. Maumbile ya mapacha hawa hayadai suruali tofauti. Aliyeamua kwamba mmoja atahitaji mifuko na mwingine hataihitaji ni mshonaji. Hata rangi zenyewe si za asili, kwani mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani lilishauri pinki iwe ya wavulana na buluu iwe ya wasichana. Nasi huku pwani tuna kikoi, nguo ya kujifunga kiunoni isiyo na miguu, na hakuna anayemwona mwanamume aliyekivaa kuwa amevaa nguo ya kike.

Hatimaye nilinunua suruali zote mbili kutoka ukuta wa buluu. Nimeona zikifuliwa mara nne bila kuchuja rangi wala kulegea kiuno, kwa hiyo kwa ubora wa kitambaa ninalisifu duka hili bila kusita. Kulwa, ambaye ndiye anayeokota kokoto uani kutwa nzima, sasa ana pa kuzitia. Mwenye binti aliyeanza kutembea aanzie upande wa wavulana, na atie kidole mfukoni kabla ya kulipa.