Kichujio cha matete kwa shamba la samaki: chukua cha kokoto, na chemba ya tope isikosekane

Mfugaji wa sato au kambale anayetaka kusafisha maji ya bwawa bila umeme huuziwa ardhioevu ya kujengwa (kinamasi cha kuchujia maji) ya aina mbili: dimbwi la wazi lenye mafunjo, au kitanda cha kokoto chenye matete, maji yakipita chini kwa chini. Tunapendekeza cha kokoto. Dimbwi ni rahisi kujenga na lina viumbe wengi zaidi, lakini mbu huzaliana humo, na konokono wa kichocho hulipenda. Anayelisafisha asiingie bila buti ndefu.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya eneo. Bwawa la mita za ujazo 300 linalobadilishwa maji asilimia 10 kwa siku hutoa mita za ujazo 30. Kati ya kokoto hubaki nafasi ya kama asilimia 40, hivyo kwa kina cha sentimita 60 na maji kukaa siku moja, unahitaji mita za mraba 125. Hapa ndipo mafundi hupunguza ili bei ivutie. Kokoto ziwe za milimita 10 hadi 20, mawe makubwa yakae mwanzo na mwisho, matete miche 4 kwa kila mita ya mraba.

Kinachoua kitanda ni tope. Kinyesi na chakula kisicholiwa vikiingia bila kutulizwa kwanza kwenye chemba ya tope iliyo kabla ya kitanda, kokoto za mwanzoni huziba, maji hupanda juu na hewa hukatika. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, kuwa naitreti isiyo kali kama hiyo hawafanyi kazi bila oksijeni, hata matete yakiwa ya kijani kibichi namna gani. Kwa hiyo usiyaamini majani. Chota maji ya shimo la kutokea kwa chujio la chai: viroboto maji na watoto wa kereng'ende ni dalili njema, minyoo wekundu wembamba pekee, pamoja na harufu ya mayai viza, ni dalili ya kuziba.

Watoto hao wa kereng'ende hula vifaranga vya samaki, kwa hiyo funga wavu kwenye bomba linalorudisha maji kwenye bwawa la kulelea vifaranga.

Kitanda cha kokoto tunakipa nyota 4 kati ya 5. Moja imepungua kwa sababu wauzaji wengi hawaweki bomba la kukwepesha maji. Ukiwatibu samaki kwa formalini au chumvi nyingi, maji hayo yasipite kitandani kabisa. Yataua bakteria, na amonia itapanda bwawani.